GEJI NAYO SHARTI IPIMWE

(Maneno ya mfanyakazi mmoja wa reli mbele ya wanachama wa Machakos na Athi River. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu ambao zamu zao ziliwazuia kufika.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya geji na vipimo vya viwandani, hasa katika viwanda vya kemikali, jinsi vinavyotunzwa viseme kweli, na kwa nini jambo hili ni la chama wala si la mafundi peke yao.

Huenda wengine mnauliza: watu wa reli wana habari gani na viwanda vya kemikali? Jibu liko karibu. Pale Konza, jirani zetu, reli moja inaachana na njia kuu na kuteremka mpaka Ziwa Magadi. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya kiwanda kimoja cha kemikali, nayo ikaanza kazi mwaka 1915. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na siku hizi kiwanda ni cha Tata Chemicals ya India. Magadi yanayochimbwa ziwani huoshwa, huchomwa katika tanuri mpaka maji na hewa yake imetoka, na kinachobaki ni unga mweupe wa kutengenezea kioo na sabuni. Kwa miaka mingi wenzetu wa reli wameupandisha unga huo mpaka Konza na kuuteremsha mpaka Mombasa. Kwa hiyo kazi ya reli na kazi ya kemikali ni majirani wa siku nyingi.

Tena sisi wa reli tulijifunza habari za geji mapema, kwa kuogopa boila. Wazee wetu waliendesha injini za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, na presha ya mvuke wake ilikuwa ratili 225 kwa kila inchi mraba. Ukitaka kuziona, nenda jumba la makumbusho ya reli pale Nairobi. Dereva wa injini ile alikaa kando ya chuma kilichojaa maji na moto, na ndani hakuna jicho la mtu linalofika. Alichokuwa nacho ni geji ya mvuke na vioo vya maji. Maji yakipungua chini ya kiasi chake, bati la juu ya moto huungua na kuachia, na wote walioko wamekwisha.

Basi wazee walifanyaje? Hawakukiamini kioo kwa sababu kinang'aa. Injini ilikuwa na vioo viwili vya maji, siyo kimoja. Na dereva alipoipokea injini kwa mwenzake, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua vali ndogo za kioo, mvuke na maji yapite kwa nguvu, kisha afunge na kutazama kama maji yanarudi upesi mahali pake. Yakirudi polepole, alijua njia imeziba. Kazi hiyo ilichukua dakika chache, nayo ilifanywa kila zamu. Mambo yote tutakayosema leo yanatoka katika desturi hiyo: kuwe na mashahidi wawili, na kila shahidi aulizwe kabla ya kuaminiwa.

GEJI HUFANYAJE KAZI

Geji ya presha ya kawaida, yenye uso wa duara na mshale, ilibuniwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Ndani yake mna bomba dogo la shaba lililopindwa kama mundu, limezibwa upande mmoja. Presha ikiingia, bomba hujaribu kunyooka. Ncha yake huvuta gurudumu dogo la meno, na gurudumu huzungusha mshale. Ni hayo tu. Ni kitu chepesi na kizuri, lakini kumbukeni kwamba ni shaba inayopindwa na kunyoshwa mchana na usiku.

Shaba hiyo huchoka. Mtambo unaotetemeka hula meno ya gurudumu. Pampu inayopiga kwa kishindo huutikisa mshale mpaka ukalegea. Mvuke wa moto ukiingia wenyewe huharibu bomba, na ndiyo sababu geji ya mvuke hufungwa juu ya bomba lililopigwa kitanzi, ili maji yakae kitanzini na kuzuia mvuke usifike. Mtu asiyejua akiona kitanzi kile hudhani ni urembo, akakiondoa apate bomba la kutumia mahali pengine.

Katika kemikali kuna adui mwingine, nao ni ukoko. Maji ya magadi yakipoa hugandamana kuwa mawe. Popote maji kama hayo yanapopita, bombajembamba linalopeleka presha kwenye geji laweza kuziba. Geji iliyozibwa haiendi sifuri. Hubaki ikionyesha presha ile iliyokuwapo wakati njia ilipoziba, hata kama tangini mambo yamegeuka kabisa. Mtu apitaye huiona imetulia, akaandika "sawa" katika karatasi yake. Kwa hiyo, ndugu, geji isiyotikisika hata kidogo katika mtambo unaofanya kazi yafaa kushukiwa kuliko ile inayochezacheza.

Siku hizi vipimo vingi hupeleka habari kwa waya mpaka chumba cha mitambo. Umeme unaotumika kwa kawaida ni kutoka miliampea 4 mpaka 20. Kwa nini sifuri ya kipimo iwe 4, isiwe 0? Kwa sababu waya ukikatika, umeme hushuka mpaka 0, na wenye zamu wajue mara moja kwamba hiyo si habari ya tangi bali ni waya umekatika. Huo ni ubunifu wa akili. Lakini waya mzima waweza kuleta habari ya uongo kutoka bomba lililoziba. Kompyuta nzuri ya chumbani haiwezi kujua zaidi ya alivyoambiwa na bomba la nje.

HABARI YA "TOA ISHIRINI"

Sasa tuseme jambo tuliloliona sisi wenyewe, mahali ambapo hatutapataja. Kulikuwa na geji ambayo mshale wake ulisimama penye 20 hata mtambo ukiwa umezimwa na kupoa. Wenye kazi ile wote walijua. Walikuwa na msemo wao: "Hiyo, toa ishirini." Geji ikionyesha 120, waliandika 100. Wakaendelea hivyo miezi mingi, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba fundi atakuja.

Tazameni hatari iliyomo. Kwanza, mshale uliopotoka chini hauna ahadi kwamba umepotoka kiasi kile kile juu. Huenda penye sifuri umezidi 20, na penye 100 umezidi 35. Pili, elimu ile ya "toa ishirini" haikuandikwa popote. Ilikaa vichwani mwa watu wanne. Watu hao wakistaafu, wakipunguzwa, au wakihamishwa, elimu imeondoka nao. Anakuja kijana wa kibarua, ana mkataba wa miezi mitatu, anasoma geji kama alivyofundishwa shuleni. Tatu, na hili ni la chama hasa: siku mambo yakiharibika, karatasi yenye saini ni ya mfanyakazi. Ataulizwa, "Wewe uliandika 100, na geji yasema 120. Kwa nini?" Hapo hatakuwapo wa kusema kwamba kila mtu alijua.

Ndugu, jambo hili lina uzito wa mkate na wa uhai. Kipimo kikiwa kibovu, mwenye kuumia kwanza ni yule aliye karibu nacho, na mwenye kulaumiwa kwanza ni yeye huyo.

KUPIMA NI KULINGANISHA

Kupima geji maana yake ni kuilinganisha na kitu ambacho ukweli wake umekwisha kuthibitishwa. Kwa presha, fundi hutumia chombo chenye mhimili mdogo uliosimama katika mafuta, na juu yake huweka vyuma vya mizani. Uzito wa vyuma wajulikana, upana wa mhimili wajulikana, basi presha hupatikana kwa hesabu ya kugawanya. Fundi mwema hupima penye sifuri, robo, nusu, robo tatu na kamili; kisha hurudi chini kwa hatua zile zile. Kwa nini arudi? Kwa sababu geji yenye meno yaliyolika huweza kusema kweli ikipanda na kusema uongo ikishuka.

Jambo moja kubwa: fundi aandike kwanza alivyoikuta geji, ndipo airekebishe. Wengine huirekebisha kwanza na kuandika "nzuri". Hapo habari imepotea. Kama geji ilikuwa imepotoka sana, ni lazima tujue, kwa sababu kazi yote iliyofanywa tangu ilipopimwa mara ya mwisho ilifanywa kwa kipimo cha uongo. Tena ikiwa kila mara inakutwa imepotoka, basi muda wa kupima ni mrefu mno, upunguzwe. Karatasi ya kubandika yenye neno "imepimwa" na tarehe, bila kitabu chenye hesabu nyuma yake, ni urembo tu.

Na chombo cha fundi nacho nani akipime? Hapa kuna mnyororo. Chombo cha karakana hulinganishwa na chombo bora zaidi, na hicho na kingine, mpaka kufika kwenye vipimo vya taifa vinavyotunzwa na Shirika la Viwango la Kenya, lililoanza kazi mwaka 1974. Na vipimo vya taifa hulinganishwa na vya mataifa mengine, kwa mapatano yaliyotiwa saini Paris mwaka 1875. Ukiwa Athi River ukashika geji yenye cheti halali, umeshika ncha ya mnyororo huo. Kipingili kimoja kikikatika, kilicho chini yake ni makisio.

Sasa mfano wa joto. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli Mombasa, penye usawa wa bahari. Machakos mjini tuko juu kadiri ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na maji yetu huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Magadi kule chini bondeni ni kama nyuzi 98. Basi mtu akitia themomita nzuri katika sufuria inayochemka hapa Machakos, akaona 95, akasema "imepotoka" na kuisukuma mpaka 100, ameiharibu themomita iliyokuwa nzima. Barafu iliyopondwa inayoyeyuka katika maji safi ndiyo rafiki bora: husema sifuri Mombasa, Machakos na Magadi. Anayepima sharti ajue na mahali aliposimama.

Mfano mwingine ni debe. Tuseme unataka kujua debe limejaa kiasi gani, lakini huwezi kuchungulia. Unaliinua. Debe la lita 20 za maji lina uzito wa kilo 20, ukiacha bati lake. Debe lile lile likijaa mafuta ya taa ni kama kilo 16. Mtu aliyezoea maji akiinua debe la mafuta atasema halijajaa, kumbe limefika ukingoni. Vipimo vingi vya matangi hufanya hivyo hivyo: havioni urefu wa maji, vinahisi uzito wake, kisha vinakisia urefu. Kilichomo kikibadilika, au kikipata moto na kuwa chepesi, kipimo husema uongo ingawa hakuna kilichovunjika. Kwa hiyo fundi aambiwe tangi linatiwa nini leo, siyo lilitiwa nini mwaka juzi.

MAMBO MATATU YALIYOTOKEA NG'AMBO

Msidhani haya ni maneno ya kutishana. Sikieni mambo matatu yaliyochunguzwa na kuandikwa.

La kwanza ni la Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, katika kiwanda cha Union Carbide cha dawa za kuua wadudu. Sumu kali iliwekwa katika matangi, na ilitakiwa kupozwa daima. Mashine ya kupoza ilikuwa imezimwa tangu Juni mwaka ule, na kengele ya joto haikuweza tena kufanya kazi yake. Idadi ya wafanyakazi wa zamu na wa matengenezo ilikuwa imepunguzwa. Usiku ule zamu mpya ilipoingia, geji ya tangi Na. 610 ilionyesha presha 10, na muda mfupi kabla ilikuwa 2. Wenye zamu hawakushtuka, kwa kuwa 10 ilikuwa bado ndani ya mipaka ya kawaida, na tena vipimo vya kiwanda kile walikwisha vizoea kuwa vibovu. Maji yalikuwa yameingia tangini. Gesi ikatoka ikaenda mjini kwa watu waliolala. Serikali yenyewe ilihesabu wafu zaidi ya 3,000, na wengine wengi wakaishi na magonjwa. Fundisho lake: kipimo kibovu huua hata siku kinaposema kweli, kwa kuwa watu wamekwisha kuacha kukisikiliza.

La pili ni la Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha BP cha kusafisha mafuta. Mnara mmoja wenye urefu wa futi 170 ulikuwa ukijazwa. Kipimo chake kiliwekwa kupima sehemu ya chini tu, kama futi 10. Mafuta yalikipita na kukifunika chote. Yalipopata moto yakawa mepesi, na kipimo kikaonyesha kwamba yanashuka. Ule ni mfano wetu wa debe. Kipimo kilisema futi 8 hivi, kumbe mafuta yalikuwa yamefika futi 158. Wachunguzi waliona kwamba kilisahihishwa kwa kufuata karatasi ya mwaka 1975 ambayo haikulingana tena na kazi ya mnara. Kioo cha kutazamia kilikuwa kichafu, hakionyeshi kitu. Kengele ya pili haikulia. Mafuta yakafurika, yakashika moto, watu 15 wakafa na 180 wakaumia. Mwanzoni kampuni iliwatupia lawama wenye zamu na wasimamizi wao. Ni uchunguzi wa serikali, uliotolewa mwaka 2007, ulioonyesha jinsi matengenezo yalivyopuuzwa na fedha zilivyobanwa miaka mingi kabla ya asubuhi ile.

La tatu ni la Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005. Hii ilikuwa ghala ya mafuta. Tangi moja likitiwa petroli usiku, geji yake ikakwama yapata saa tisa usiku, ikionyesha theluthi mbili, na petroli ikaendelea kuingia. Kulikuwa na swichi ya pili ya kuzuia tangi lisifurike, lakini haikufanya kazi. Swichi ile ilikuwa na mkono wa kuijaribia, nao ulihitaji kufuli ili ukae mahali pake. Waliohusika hawakujua maana ya kufuli ile, na haikuwekwa. Petroli ikafurika, na saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi ikalipuka. Watu 43 waliumia, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili alfajiri hakufa mtu. Lakini sikieni hili: geji ile ilikuwa imekwama mara 14 tangu mwisho wa Agosti mwaka ule. Mara 14! Kila mara ilikwamuliwa, kazi ikaendelea, wala haikuandikwa vizuri mahali pamoja ili mtu asome na kusema, "Geji hii ni mgonjwa."

Sisi wa reli twajua thamani ya kufuli katika kazi, na twajua thamani ya kitabu. Yule mwenye zamu wa Buncefield aliachiwa kazi bila hivyo viwili.

TUNALOTAKA

Wako waajiri wanaofanya kazi hii vema, nao twawashukuru. Wako wengine husema: kupima kuna gharama, mtambo sharti usimame, kazi itapungua. Twawajibu kwa hesabu. Ratili mia za magadi safi yaliyotoka ziwani, yakichomwa barabara, huacha kama ratili 70 za unga. Themomita ya tanuri ikionyesha joto kubwa kuliko lilivyo, magadi hutoka hayajaiva, na mnunuzi huyakataa. Ikionyesha dogo kuliko lilivyo, tanuri hupewa moto wa bure, mafuta yanateketea bila faida, na bati la tanuri linaungua. Mizani ikikosea moja katika mia, behewa la tani 40 limekosea kilo 400, na kosa hilo huenda na kila behewa. Hasara hiyo yote ni kubwa kuliko mshahara wa fundi mmoja wa vipimo na msaidizi wake. Lakini mara nyingi watu wapunguzwapo, fundi wa vipimo huwa wa kwanza, kwa sababu kazi yake ikiwa njema haionekani.

Basi tunaleta mbele yenu mambo sita. Myajadili, myaongeze, na mwakilishi wa kila mahali ayapeleke.

1. Kila geji, themomita na kengele inayolinda uhai wa mtu iwe na namba yake na tarehe ya kupimwa, na tarehe hiyo isisogezwe kwa maneno ya mdomo. Tusitake vyote vipimwe sawa. Geji ya maji ya kunawia yaweza kungoja. Ya boila na ya tangi la sumu haiwezi.

2. Pawe na kitabu kimoja cha vipimo, kinachokaa mahali ambapo wenye zamu waweza kukisoma. Kila kikikwama, kikiruka, au kikirekebishwa, kiandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na jinsi kilivyokutwa.

3. Kengele na swichi za kuzimia mtambo zijaribiwe kweli kweli kwa siku zilizopangwa. Ikilazimu kengele inyamazishwe kwa ajili ya matengenezo, iandikwe ni nani aliyeinyamazisha na saa ngapi itarudishwa, na zamu inayoingia iambiwe.

4. Penye hatari kubwa kuwe na vipimo viwili visivyotegemea bomba moja. Vikitofautiana, tusichague kile kinachotupendeza. Kazi isimamishwe mpaka ijulikane kipi kinasema kweli.

5. Mfanyakazi mgeni, hata akiwa kibarua wa siku moja, afundishwe kusoma vipimo vya mahali pake kabla ya kutia saini karatasi yo yote. Na kila "toa ishirini" ikome. Geji mbovu iondolewe au ifungwe karatasi nyekundu.

6. Kazi ya kupima isitolewe kwa wakandarasi wanaokuja na vibandiko na kuondoka, kama hakuna mtu wa kiwanda anayesimama nao na kuona hesabu.

Huenda mtu akasema, "Nikiandika kwamba geji ni mbovu, nitafukuzwa." Ndugu, sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ampe habari msimamizi wake. Na maadamu hatari ingalipo, mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale. Sheria hiyo yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Lakini twajua sote kwamba sheria iliyo rafuni haimlindi mtu mmoja aliye peke yake saa nane ya usiku. Mtu mmoja akisema, huitwa mkorofi. Zamu nzima ikisema, na chama kikiandika barua, huo ni mwanzo wa matengenezo. Kwa hiyo habari ya geji mbovu isipelekwe kwa mdomo wala na mtu mmoja. Iandikwe, itiwe tarehe, nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa chama.

Na ninyi mafundi wa vipimo, tunawaomba jambo moja. Msifiche elimu yenu. Mkija kupima geji, mwiteni mwenye zamu atazame. Mwonyesheni jinsi mshale unavyopanda na kushuka, na ilipokosea. Mtu aliyeona geji yake ikipimwa huitazama kwa macho mengine, naye ndiye atakayewaita mapema kabla haijaharibika kabisa.

Basi kabla ya mkutano ujao, kila mwakilishi achague kipimo kimoja tu mahali pake pa kazi, kile ambacho kikikosea mtu atakufa. Aulize maswali matatu: kilipimwa lini mara ya mwisho? Kililinganishwa na nini? Imeandikwa wapi? Majibu ayaandike kwa mkono wake ayalete hapa. Pasipo na majibu, aandike "hakuna", na Katibu atayaweka pamoja yote kwa ajili ya barua ya kwanza kwa waajiri.